Fundi Asiyeumwa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Chuma, na yeye jina hilo alilivaa kama nishani. Alikuwa mama mshona nguo wa miaka hamsini na miwili, na cherehani yake ya miguu ilikaa mlangoni, penye mwanga. Siku moja pini ilimwingia kwenye unyayo, akatembea nayo tangu asubuhi mpaka mteja alipoiona ikimetameta. Mwingine angepiga yowe. Yeye aliichomoa, akaifuta, akasema, "Kumbe ulikuwa huku! Nimekutafuta weye."

Kisukari alikuwa nacho mwaka wa kumi na tatu. Vidonge alimeza siku alizokumbuka.

Kwa hiyo mguu wa kulia ulipovimba, hakushtuka. Ngozi ilikaza ikang'aa, kiatu kikagoma kuingia, akavaa kandambili ya mumewe akaendelea kukanyaga cherehani. Paka wa jirani ndiye aliyeushitukia. Kila mara fundi akitulia kupumzika, paka anakuja kujikunja juu ya mguu ule ule, wa kushoto hata haunusi. Mumewe, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba, alilitazama jambo hilo siku tatu, kisha akainama akaushika.

"Mama watoto, mguu huu unaweza kupiga pasi suruali!"

"Basi usiuache upoe, lete suruali."

"Sitanii. Twende hospitali."

"Kufanya nini, na mimi siumwi?"

Neno hilo ndilo lililomponza. Kwake yeye kuumwa kulikuwa na maana moja: pauma. Pasipouma, huumwi. Na mguu haukumuuma hata chembe.

Wakaenda hivyo hivyo, yeye akinung'unika njia nzima. Karani wa mapokezi aliuliza bila kuinua macho, "Anayeumwa nani?"

"Mimi siumwi," fundi akawahi.

Karani akamtazama mume, aliyekuwa na madoa ya rangi nyeupe usoni, akaona hapana shaka mgonjwa ni huyu. Akaandika jina lake. Mume huwa na haya mbele ya watu wenye kalamu, basi akapimwa uzito, akapimwa presha, akatiwa kipimajoto kwapani, na mkewe kakaa benchi la wasindikizaji anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Wakaingia wote wawili kwa daktari, binti mwenye miwani. "Haya mzee, unaumwa wapi?"

"Mguuni."

"Mguu upi?"

"Ule pale," akanyoosha kidole kwa mkewe.

Daktari alianza kucheka, akauona mguu, akaacha. Alichuchumaa akaugusa mguu mmoja kwa mgongo wa mkono, kisha wa pili. Akatoa uzi mgumu wa plastiki. "Mama, fumba macho. Nikikugusa na uzi huu, sema ndiyo."

Fundi akafumba macho. Akangoja. Akangoja tena.

"Anza basi, mwanangu, nina nguo za watu."

"Nimemaliza, mama. Nimekugusa mara kumi."

Fundi alifumbua macho akautazama ule uzi. Miaka thelathini anashika nyuzi. Huu hakuusikia.

Picha ya eksirei ilionyesha mifupa ya katikati ya mguu imevunjika na viungo vimeanza kuachana. "Sukari imeua mishipa ya fahamu," daktari alieleza. "Mguu umevunjika, hauna wa kumwambia, na wewe unaukanyagia tu. Tukiufunga plasta ngumu sasa, usiukanyage miezi mitatu, utashika. Ukiukanyaga, viungo vitabomoka, unyayo utapinda, utoke vidonda, na mwisho wake ni kukatwa."

"Na cherehani?"

"Cherehani haijavunjika. Itakungoja."

Siku ya pili tu mteja alibisha hodi. Fundi akainuka kama kawaida yake, akapiga hatua mbili nzima juu ya plasta kabla mumewe hajapiga kelele. Haukuuma. Sasa nini kingemkumbusha? Alirudi kukaa, akaona kabisa jinsi atakavyoupoteza mguu wake: kwa kusahau tu, siku yoyote, akienda kufungua mlango.

Akachukua chaki ya bluu ya kukatia nguo, akaandika kwenye plasta kwa herufi kubwa: NAUMWA.

"Na nyinyi," akawaambia wateja, "mkiniona nasimama bila magongo, nisomeeni."

Wakamsomea kweli. Akijiinua kidogo tu kuufuata mkasi, sauti inatoka dirisha la jirani: "Fundi, unaumwa!" Watoto waliotoka shule nao walipita wanachungulia wakiombea asahau ili nao wamsomee. Yeye aliwatukana kwa mapenzi, akakaa. Vifungo alishona, pindo alishona, vyote kwa mkono, mguu umewekwa juu ya kiti kama mgeni wa heshima.

Miezi mitatu ilipokwisha plasta ilikatwa. Daktari aligusa mguu huu, akagusa ule, akarudia. Joto sawasawa. Picha ikaonyesha mifupa imeshikana. Unyayo ulikuwa umeshuka kidogo katikati, lakini ulikuwa mguu, na ungekanyaga cherehani taratibu, mradi kila siku aukague kwa macho na vidonge asiviruke.

Akaletewa viatu maalumu, vyeusi, vipana, vizito. Fundi alivigeuza huku na huku, akavuta mshono kwa kucha, akakunja uso.

"Mshono mzuri," akamwambia daktari. "Ila mwanangu, vyekundu hamna?"