Mzimu Aliyekuwa Akiulizia Njia ya Ruangwa

Salaam wakuu, poleni na majukumu.

Hiki kimenitokea mwenyewe na sikiongezei chumvi. Chumvi alishaiweka mjomba zamani.

Waliokulia Nachingwea enzi za deki za video watanielewa. Kibanda umiza kilikuwa nyuma ya soko, mabenchi ya mbao, giza mchana kweupe. Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye alikuwa DJ wa kutafsiri. Anakaa pembeni ya TV na maiki, picha ya kizungu inacheza, yeye anawasemea wote humo ndani, mpaka mbwa.

Tuliyoipenda kuliko zote ni ile ya mzimu mwoga. Anapenya ukuta halafu anamkimbia paka! Na kila part, kwa sauti ya mjomba ya kubana pua, lazima aulize: "Jamani, njia ya Ruangwa ni ipi?"

Banda zima tunapiga kelele: "Umeipitaaa!"

Part three iliisha mzimu akipotelea kwenye ukungu. Tukamuuliza mjomba, kwani kafika?

"Subirini part four."

Haikuja. Banda likafungwa. Baadaye macho ya mjomba yakazima, akarudi kwao Chunyu, huko huko Ruangwa. Alikuwa ameondoka akiwa kijana baada ya kukorofishana na baba yake, na mzee alifariki hawajapatana.

Sasa mwaka huu part four imetoka. Waigizaji wale wale, mvi tupu. Niliona trailer nikalia, msinicheke. Nikaipakua, nikapanda bodaboda mpaka Chunyu.

Nilifika baada ya alasiri. Mikorosho imetoa maua, ile harufu inayoleta usingizi, nikajihisi kama naota.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja na mzimu wako."

"Marahaba." Akanigeuzia sikio. "Kafika?"

Nikawasha simu. Siku hizi kizungu nakielewa, basi nikawa namtafsiria neno kwa neno. Mzimu anabishana na jirani kuhusu bomba la maji.

Mjomba akakunja uso. "Huyo siye."

Ndipo nikashtuka wakuu. Ruangwa haimo. Haikuwahi kuwemo, tangu part one. Aliyekuwa anaiulizia ile njia ni mjomba mwenyewe.

Nilijisikia vibaya, nusura nizime. Ila kwenye simu mzimu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba kuukuu, anaogopa kugonga. Nikabana pua:

"Jamani, njia ya Ruangwa ni ipi?"

Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Nikaendelea: "Aa, kumbe nimeshafika. Ila naogopa kuingia. Mzee aliniondokea amenikasirikia."

Akaacha kucheka.

Halafu akapapasa, akaichukua simu, akaiweka mdomoni kama maiki ile ya zamani. Akatoa sauti nzito ambayo sijawahi kumsikia nayo, ya mzee wa shamba:

"Ingia, mwanangu. Mbona umechelewa hivyo? Chakula kinapoa."

Machozi yakamtoka. Na mimi pia. Mwisho wa picha yenyewe hatukuuona.

Nilichojifunza: ukiwa na mzee anayependa kuwachekesha, sikiliza neno analolirudia rudia. Pengine hapo ndipo panapomuuma.

Haya, na nyie DJ wa banda lenu alikuwa anawasemesha nini wale wazungu? Tiririkeni, nitamsomea mjomba zote.