Kamba za Kilosa Zatafuta Nchi

Mimi ni karani wa karakana ya kamba za katani hapa Kilosa. Nimesoma hadi kidato cha nne na nina mwandiko mzuri, na kwa sababu hizo mbili watu hudhani nina akili pia. Sijawahi kuwasahihisha.

Nchi yetu ilipojitoa COMESA, lile soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 nilikuwa kijana, na tangu hapo sijapitwa na taarifa yoyote ya biashara redioni. Basi mwaka jana, wenye viwanda vidogo walipoitwa kikaoni Morogoro kutaja nchi ambazo wangependa zipewe kipaumbele katika kulegeza ushuru, mwenye karakana, Mama Agatha, alinikabidhi kazi ya kuzipanga. Alisema waziwazi kwamba mashine haijapata oda tangu masika. Tusipopata pa kuuza ataiuza yenyewe, na wasokotaji warudi kwenye jembe. Mmoja wao ni mke wangu, Scholastica.

Nilibandika ramani ukutani. Malawi niliipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya tumbaku, ambayo hufungwa kwa kamba. Zambia ya pili, Kongo ya tatu. Kesho yake niliipandisha Kongo, kwa kuwa sasa tuko nayo katika jumuiya mbili, ya Afrika Mashariki na ya SADC. Keshokutwa nikairudisha chini. Scholastica aliuliza kama hizo nchi zina habari kwamba zinahamishwa.

Ndipo nikaamua kufanya utafiti. Malori ya kwenda kusini hupumzika Mikumi, ningewahoji madereva. Mama Agatha alinipa marobota mawili ya kamba, sampuli za kikao, akanionya zirudi safi. Scholastica alifuatana nami, akidai anakwenda kumsalimia dada yake. Nadhani alikuja kunichunga.

Nilivaa koti. Joto la Mikumi halina heshima kwa mtu mwenye koti. Dereva wa kwanza, kijana aitwaye Yared, aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha nikamweleza kwa kirefu habari za ushuru wa nchi za kusini. Alisikiliza kwa adabu, macho yakiwa kwenye marobota.

"Mzee, hizi kamba unauza?"

Nilimwambia ni sampuli, haziuzwi. Zimeandaliwa kwa soko la Zambia.

"Mimi ndiyo naenda Zambia," alisema. "Turubai langu nimelifunga kwa nailoni, inateleza. Nikatie ya kuzungusha mara mbili."

Nikamweleza kwamba kamba yetu haikatwi, kwa kuwa nchi za nje hununua robota zima. Madereva wengine walikuwa wamekwisha kusogea. Mmoja aliuliza kama huyu mzee anauza au anahubiri. Mwenzake akajibu kwamba anahubiri, ila sadaka hataki.

Scholastica alikuwa ameazima kisu kwa muuza nyama choma. Hata hakunitazama.

"Baba Brayan," alisema, "shika huku."

Nikashika. Yeye alipima kwa mikono, akakata, akapokea hela, akauliza nani anafuata. Utafiti wangu uliobaki ulikuwa kusimama juani nimekamata ncha ya kamba. Jua lilipoinama, sampuli zote zilikuwa njiani kuelekea Tunduma, mpakani na Zambia.

Mama Agatha alitungojea mlangoni mwa karakana. Aliuliza sampuli ziko wapi, nikasema zimeuzwa. Akauliza basi ataje nchi gani kwanza, maana kikao ni kesho. Nilikuwa na hotuba tayari. Nilimtazama mke wangu, naye akawa anakung'uta nyuzi kwenye kanga.

"Mikumi," nikasema.

Mama Agatha alipokea hela kwa Scholastica, akazihesabu. Kisha akataka kujua madereva hupenda urefu gani na unene gani, na mimi, karani mwenye mwandiko mzuri, sikuwa nimeandika hata neno. Scholastica ndiye aliyemjibu.

Asubuhi mashine ilinguruma kabla Mama Agatha hajapanda gari la Morogoro. Wasokotaji waliniuliza ni nchi gani imetupa oda. Nilianza kuwaeleza, wakaniambia nisogee, nimesimama juu ya katani.