Upande Unaong'aa Uende Chini

Mimi ni daktari mpasuaji, na katika hospitali yetu niko peke yangu. Mwenye ngiri ni wangu, mwenye kidole tumbo ni wangu, mama ambaye mtoto amegoma kutoka ni wangu. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi bila mtu wa kuniangalia begani, na hilo huharibu mtu kuliko pombe. Hakuna wa kukwambia kama leo umefanya vizuri au umeboronga. Ilinibidi nijipe alama mwenyewe, na sikuwahi kujinyima.

Wauguzi waliniita Kaza, wakidhani sijui. Jina lilitokana na ninavyofunga nyuzi: mimi nikipiga fundo, hata mkasi huomba msaada. Nililichukulia kama sifa.

Ndipo ikaja barua ya mafunzo ya siku tano, ya kulegeza makovu na kupandikiza ngozi, kwa wapasuaji ambao hawakusomea fani hiyo. Yangefanyika hapo hapo kwetu, na wenzangu saba wangekuja kutoka hospitali nyingine. Nilipofika kwenye jina la mkufunzi, chai ilinipalia. Alikuwa binti niliyemfundisha kushona miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa daktari mwanafunzi. Mwisho wa mafunzo yake nilimwandikia ripoti kwa mkono wangu: "Mpole, ila mikono mizito. Afikirie kazi ya maabara."

Ningejifanya mgonjwa wiki nzima, lakini kulikuwa na msusi.

Msusi huyu alimwagikiwa na mafuta ya moto kwenye kiganja cha kulia. Nilimtibu mimi. Kidonda kilifunga, nami nikafurahi, mpaka kovu lilipoanza kuvuta vidole taratibu, mwezi baada ya mwezi, vikalala kiganjani kama mtu aliyeshika shilingi asiyotaka kuitoa. Kila mwezi alikuja, na kila mwezi nilimwambia maneno yale yale: "Umepona, mama. Sasa ni mazoezi tu. Nyoosha vidole asubuhi na jioni." Alishaacha kusuka. Kwa miezi minane nilimwagiza akanyooshe kitu ambacho hata mimi nilipokivuta kwa nguvu zangu zote hakikusogea.

Nikamwandikisha awe mgonjwa wa mafunzo, apasuliwe siku ya mwisho. Ikitokea nafasi ya kumrudishia mkono, ni hiyo. Mkufunzi angerudi kwao, na mimi ningebaki na maneno yangu ya asubuhi na jioni.

Siku ya kwanza mkufunzi aliingia ukumbini, akaniona mstari wa mbele, akaniinamia kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikajibu, nikitafuta chini ya meza pa kuficha uso.

Tulianza na miguu ya mbuzi kutoka buchani. Kazi ilikuwa kuchuna utando mwembamba wa ngozi kwa kisu kirefu, mwembamba kiasi cha kuona kisu kupitia ndani yake. Wenzangu walitoa vipande kama karatasi ya kufungia maandazi. Mimi nilitoa kipande, mkufunzi akakiinua kwa koleo, akakigeuza geuza.

"Mwalimu, hii tunaweza kushonea viatu," akasema kwa adabu zote.

Siku ya pili ilikuwa ya kuchora. Unachora mistari mitatu juu ya kovu kama herufi Z, unakata, kisha unabadilishanisha zile pembe mbili, na kovu linarefuka. Niliambiwa linarefuka. Langu lilibaki vile vile, likapata na nundu juu. Nikaenda nyumbani na kalamu ya kuchorea ngozi, nikajifungia chumbani na foronya.

Mke wangu ni fundi cherehani. Alinikuta nimekaa kitandani, miwani puani, foronya ya tatu imeshakatika.

"Baba watoto, kosa la foronya ni nini?"

Nikamweleza kwa Kiswahili kizito cha kitabibu. Akanisikiliza, akaichukua kalamu, akachora, akakata, akahamisha pembe kwa vidole viwili. Kitambaa kikarefuka mbele ya macho yangu.

"Unaiba upana unaongeza urefu," akasema. "Tunafanya hivi kila siku kwenye makwapa ya magauni. Wewe pembe zako hazilingani, ndiyo maana unapata nundu. Na mbona unavuta uzi hivyo, unafunga ng'ombe?"

Kesho yake ukumbini nilinyoosha mkono nikasema, "Kwa kifupi, tunaiba upana tunaongeza urefu." Mkufunzi akasema hajawahi kusikia likielezwa vizuri hivyo, na wenzangu wakaandika. Sikumtaja mke wangu. Niseme ukweli, hata haikunijia kumtaja.

Siku ya nne alitufundisha jambo moja ambalo nililiona la watoto wa chekechea. Ngozi ukishaichuna ina pande mbili. Upande wa juu umefifia, wa chini unang'aa kwa unyevu. Unaong'aa ndio unaoshika kwenye kidonda na kunywa damu; ukiugeuzia juu, ngozi yote itakufa. "Semeni nami," akatuambia, "upande unaong'aa uende chini." Watu wazima saba wenye mvi wakaimba. Mimi nilichezesha midomo tu.

Ijumaa msusi akalazwa mezani, akapewa usingizi. Mkufunzi alisimama meza ya pili kumsaidia mwenzetu mwenye mgonjwa wa shingo, jicho moja kwake, jingine kwangu. Sista wa vyombo, ambaye nimefanya naye kazi tangu hatuna mvi sote wawili, alikuwa upande wangu.

Nilikata kovu kama nilivyofundishwa, polepole, nikiikwepa mishipa. Kidole cha kwanza kikalegea. Kisha cha pili. Kisha kiganja kikafunguka chote, kikaacha kidonda kipana chekundu katikati. Nilikuwa nimekaa na mkono ule miezi minane, kumbe kazi ya kuufungua haikumaliza hata saa moja.

Hapo kichwa kikavimba. Nikachuna ngozi pajani, nyembamba safi, nikampa sista. Akaitandaza juu ya shashi yenye maji, akaniletea. Nami, kwa kuwa ni bingwa, nikaona ameitandaza vibaya, nikaigeuza. Damu ilikuwa imeshaipaka pande zote rangi moja. Nikailaza kwenye kiganja, nikaanza kushona pembeni, mshono baada ya mshono, nikipiga mluzi ndani ya barakoa.

Kwenye mshono wa tisa nikafuta damu kwa shashi. Kiganja kikaniangalia kikimeremeta kama sahani iliyooshwa.

Nikaacha kushona. Kwa muda wa pumzi mbili tatu nilifanya hesabu ya kishetani. Nikifunga bandeji sasa, hakuna atakayejua mpaka ifunguliwe baada ya siku tano. Ngozi ikifa, nitasema mwili umeikataa. Watu hukubali sana mwili ukilaumiwa. Na msusi atarudi kila mwezi, nimwambie habari za mazoezi.

"Daktari," nikaita, sauti ikatoka nyembamba kuliko ngozi yenyewe. "Nimeiweka juu chini."

Mkufunzi akaja, akatazama, akasema tu, "Bado mapema. Toa nyuzi, ioshe, igeuze." Kisha akarudi kwenye shingo yake, kana kwamba nimeomba chumvi.

Nikaanza kukata nyuzi. "Sista, wewe uliona?"

"Tangu mshono wa kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Mara ya mwisho kusema," akanijibu akinipa koleo, "ulinipeleka wodi ya wazazi wiki sita."

Ni kweli, nilimpeleka. Nilishona upya, safari hii nikimuuliza kila mshono. Alinijibu kila mshono, na nadhani alifurahia.

Siku tano zilizofuata sikula vizuri. Mkufunzi alikwisha kuondoka, kwa hiyo bandeji niliifungua mwenyewe, sista pembeni, msusi amekaa kitini uso ameugeuzia ukutani. Shashi ya mwisho ilikuwa imekauka, nikailowanisha, nikaibandua. Chini yake ngozi ilikuwa ya waridi, imeshika. Pembeni kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa ukucha, pale nilipokaza.

"Tazama," nikamwambia.

Akageuka. Vidole vilikuwa vimelala wazi juu ya taulo, vyote vitano. Alivisogeza kidogo, akaanza kulia bila sauti. Nami nikajiandaa kupokea shukrani. Nilishapanga na jibu, la unyenyekevu.

"Unisamehe, daktari," akasema. "Yale mazoezi nilikuwa nayafanya, lakini pengine sikuyafanya kwa bidii. Ningeyafanya vizuri nisingekupa kazi yote hii."

Jibu langu la unyenyekevu halikufaa tena. Sista aliacha kukunja shashi.

"Haikuwa mazoezi," nikasema. "Kovu lile lisingenyooka hata ungelivuta mwaka mzima. Lilitaka kukatwa. Mimi sikujua kulikata, na sikutaka ujue kwamba sijui. Nikakupa mazoezi."

Akafuta uso kwa mkono wa kushoto. Machozi yalikuwa yamekatika.

"Miezi minane," akasema, "mume wangu ananiita mvivu. Kila asubuhi ananisimamia ninyooshe vidole, na nikilia kwa maumivu anasema daktari ameshasema ni uvivu wangu tu."

"Sikusema uvivu," nikajitetea, na hata mimi nilisikia nilivyokuwa mdogo.

"Yuko nje kwenye benchi," akasema. "Mwambie na yeye."

Korido ilikuwa imejaa, kama kawaida ya siku ya kliniki. Nikavua glovu, nikafungua mlango, nikaita mume wa msusi kwa sauti ya kila mtu kusikia.