Bwana Aliyelifuta Gari la Moshi

Mpaka leo mtu akiniuliza, "Hadithi hii alikusimulia nani?" damu hunichemka. Hakunisimulia mtu. Nimeitunga mimi, kwa kichwa changu hiki hiki chenye upara, na asiyetaka kuamini na aende zake.

Zama za Mdachi, reli ilipokwisha kufika Dodoma, nilikuwa karani wa stesheni. Kutwa naandika mizigo: ngozi, karanga, samli, ngozi tena. Kazi ile ilinilisha, sikatai, lakini raha yangu ilikuwa asubuhi kabla ya kwenda kazini. Naamka, napiga mswaki, natikisa kichupa changu cha wino niliouchanganya mwenyewe kwa masizi na gundi ya mgunga, nakaa mkekani mlangoni mwa tembe letu. Upepo wa kwetu mnaujua: ukiweka karatasi bila kuibana kwa jiwe, utaikimbilia mpaka kijiji cha Zuzu. Nilikuwa nazo karatasi za kufungia bidhaa, nimezikata na kuzinyoosha, na kila nikizishika nilifurahi kama mtoto aliyepewa asali.

Mama alikuwa pembeni yangu akisaga uwele. Yeye Kiswahili hakukijua sana, na kusoma hakujua kabisa, lakini bila yeye nisingeandika hata mstari. Desturi yetu ilikuwa hivi: namwambia kwanza kwa Kigogo nilichokibuni usiku, naye anasaga. Jiwe likiendelea, kwaru, kwaru, kwaru, najua hapo nimepwaya. Jiwe likisimama, nakimbilia kalamu na kukiandika kwa Kiswahili kabla hakijanitoka. Hakunisifu hata siku moja. Alikuwa akinitazama tu, mikono imetulia juu ya jiwe, nami natembea kwenda stesheni natabasamu peke yangu kama mwehu.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya binti aliyekuwa anaozwa asikokutaka. Ng'ombe wa mahari wamekwisha kuingia zizini kwa baba yake. Siku moja mchana kweupe anafungua zizi, anawaswaga ng'ombe wote mwenyewe awarudishe kwa mwanamume aliyewatoa. Njiani lazima avuke reli, na gari la moshi linakuja. Hapo nilikuwa nimefika. Mbele sikuwa nimepajua bado, na kutokujua kule ndiko kulikoniamsha kila asubuhi.

Ndipo akashuka kwenye gari bwana mmoja wa Kidachi, na miwani yake, na sanduku la kupigia picha. Akasema anakusanya hadithi za wenyeji. Bwana wa stesheni akamwambia karani wake anaandika andika, basi asubuhi moja nikamwona huyo mlangoni petu. Akanikuta na kalamu mkononi, mama anasaga, mimi nimemwelekea. Uso ukamng'aa.

"Ahaa! Huyu ndiye msimulizi, na wewe unamwandikia!"

"Hapana, bwana. Mimi ndiye ninayemsimulia yeye."

Akacheka. Mtu mzima na ndevu zake, akacheka! Akataka nimuulize mama hadithi hii aliipata kwa nani. Mama akamwamkia kwanza, "Mbukwa," kama tunavyomwamkia mtu yeyote, kisha akaniambia, "Mwambie mimi nasaga. Hayo ni maneno yako. Wewe ni mwongo tangu unatambaa."

Nikamfasiria neno kwa neno, na moyoni nimevimba kwa fahari, maana sijapata kusifiwa vile tena. Yule bwana akatikisa kichwa, eti wanawake wa huku wana haya. Akamweka mama vizuri mbele ya jiwe, akamwamuru asitikisike, akampiga picha. Jua linampiga usoni, jasho linamtiririka, naye kaganda hivyo hivyo. Roho iliniuma mno.

Bwana wa stesheni akaniamuru nimkabidhi mgeni karatasi zote. Ungekataa wewe? Kiboko kilikuwa kinaning'inia ukutani ofisini, tena si pambo. Nikazipeleka, naye akazisoma mbele yangu, penseli mkononi. Alipofika kwenye gari la moshi akachora mstari, fyuu, akalifuta lote.

"Bwana, usilifute! Ndilo linalomzuia binti asivuke!"

"Hadithi za wazee hazina gari la moshi," akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Hili umelitia wewe."

"Ndiyo, bwana! Nimelitia mimi, kama nilivyomtia binti, na ng'ombe, na baba mtu!"

Akanipiga piga begani. Kofi ningelivumilia kuliko kule kupapaswa. Akaondoka na karatasi zangu zote, na nakala sikuwa nayo.

Miezi mingi sikuandika kitu. Mama akisaga, mimi nanyamaza, na ule mlio wa jiwe ukawa unanikera. Kisha kikaja kitabu, zawadi kwa bwana wa stesheni kutoka Ulaya. Nilikiona mezani pake, nikaomba kukiazima. Kidachi cha shuleni kilinitosha. Mwanzoni kabisa ipo picha ya mama, ameganda mbele ya jiwe, na chini yake: mwanamke wa Kigogo, msimulizi. Jina la yule bwana kubwa juu. Langu nililitafuta mpaka jalada la nyuma. Halimo. La mama nalo halimo.

Asubuhi nikamsomea mama, namfasiria kwa Kigogo. Binti anafungua zizi: anasaga. Binti yumo njiani na ng'ombe: anasaga. Hakuna reli. Kisha bwana yule, kwa kuwa hadithi haikuwa na mwisho, akautia wake: binti anajuta, anarudi, anampigia baba magoti, anaolewa, wanaishi kwa amani. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Imeisha?" akauliza mama.

"Imeisha."

"Nyoo! Huyo bwana hata kudanganya hajui." Akamimina uwele mwingine juu ya jiwe. "Haya, sema wewe. Alivuka?"

Sikujua. Nilikuwa na hasira tu, basi nikasema kwa hasira ile ile. Nikasema gari la moshi lilikuja linapiga king'ora, mwenye kuliendesha anapunga mikono, anatukana Kidachi, na yule binti akawasimamisha ng'ombe wake wote katikati ya reli, akaegemea fimbo, akamtazama.

Jiwe likasimama.

"Enhe," akasema mama. "Halafu?"