Kaka Yangu Waliyemwita Mzito

Mlio wa debe likigongwa ndiyo sauti ya kwanza ninayoikumbuka maishani, na mpaka leo nikiisikia hasira inanipanda. Kwetu Msangano, mpunga unapoanza kujaza punje, ndege hushuka kwa makundi, na familia isiyoamia, isiyowafukuza ndege hao, inavuna makapi. Basi kabla jua halijatoka bonde zima lilikuwa kelele tupu: debe huku, sufuria kule, huyu anafoka, yule anapiga mluzi. Hewa ilinuka tope, majani mabichi ya mpunga na moshi wa kinyesi cha ng'ombe kutoka kwa jirani zetu Wasukuma, waliohamia bondeni na mifugo yao. Katika shamba letu aliyesimama juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia, akigonga debe alikuwa kaka yangu Yoramu. Alikuwa na miaka saba. Mimi, Enesi, nilikuwa na sita, nami nililala mpaka jua liwake, kwa sababu ukoo mzima ulikuwa umeshakubaliana kwamba mwenye akili ni mimi, na mwenye akili hachoshwi bure.

Hebu niwaeleze walivyokubaliana. Nilitembea mapema, nikaota meno mapema, nikaongea mapema, na kila moja kati ya hayo lilisimuliwa kwa wageni utadhani ni cheo nilichopewa na serikali. Yoramu alichelewa. Mpaka anakaribia miaka minne alikuwa anaonyesha vitu kwa kidole tu, na wanawake waliokuja kuteka maji walimfumbua mdomo wakamchungulia ulimi, wakatikisa vichwa. Basi, akawa mzito. Waliliita hilo jina mbele yake, akiwa anakula, akiwa anacheza, kana kwamba mtoto asiyeongea pia hasikii. Halafu siku moja alifungua mdomo akaongea Kinamwanga, lugha ya kwetu, kilichonyooka, na muda si mrefu akawa anaongea na Kisukuma pia, kwa kucheza na watoto wa wafugaji. Mtoto wa lugha mbili, jamani, na bado waliendelea kumwita mzito! Mimi niliwazidi wote kitu kimoja. Nilipokuwa mdogo niliugua sana, mama akakaa na mimi Vwawa kwa dada yake muda mrefu, karibu na hospitali, na pale mjini watoto wote walicheza kwa Kiswahili. Nilirudi bondeni nikikimwaga kama maji. Watu wakasikia Kiswahili, wakaita akili.

Mwaka huo ninaousimulia, tulipomaliza kuvuna, alikuja baba mdogo kutoka Tunduma. Alikuwa mdogo wake baba, mfanyabiashara wa mchele na ufuta, mtu wa kuvuka kwenda ng'ambo, Zambia, na kurudi akisalimia watu kwa Kibemba cha huko ili wajue ametoka mbali. Shule ya kwetu ilikuwa mbali, na masika mto ukijaa hakuna mtoto wa kuvuka. Kwake Tunduma shule ilikuwa nyuma ya nyumba. Akamwambia baba kwamba yeye na mke wake wana nafasi ya mtoto mmoja: atakula kwao, atalala kwao, atasoma kama mtoto wao. Mmoja tu. Yoramu ndiye aliyekuwa amefikisha umri wa kuanza darasa la kwanza, na mama akalisema hilo waziwazi. Baba mdogo akacheka. "Shemeji, umri haufaulu mtihani," akasema. "Niitieni hao watoto niwapime mwenyewe."

Kupima watoto mbele ya wageni ilikuwa burudani ya kwetu baada ya mavuno. Mtoto anasimamishwa katikati ya uwanja, anaulizwa maswali, watu wanakula karanga na kucheka. Siku hiyo mpunga uliokwisha kupurwa ulikuwa umeanikwa uwanjani juu ya turubai kubwa, na baba mdogo akauliza jambo alilokuwa analiona mbele yake. "Mko peke yenu hapa nyumbani, mpunga umeanikwa, mnaona mvua inakuja. Mnafanya nini?" Mimi sikungoja. Nikaruka: "Nitamwita mama!" Uwanja mzima ukapiga makofi. Jibu gani lile? Ameshasema tuko peke yetu! Huyo mama ninamwita kutoka wapi? Lakini nilikuwa nimelisema kwa Kiswahili cha mjini, kwa sauti ya juu, huku nimeshika kiuno, na hilo liliwatosha.

Kisha akamgeukia Yoramu. Alifikiri kidogo. Akajibu kwa Kinamwanga, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba atashika pembe za turubai azikunjie katikati, huku na huku, mpunga ujifunike wenyewe, halafu ataweka mawe juu upepo usifunue. Akaonyesha kwa mikono jinsi ya kukunja. Alikuwa amekwisha kulifanya jambo hilo wiki ile ile, kiwingu kilipotutisha na wakubwa wakiwa shambani. Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo panaponichoma. Hakuna mtu mmoja uwanjani pale ambaye hakumwelewa. Baba alimwelewa, mama alimwelewa, bibi alimwelewa. Baba mdogo mwenyewe alizaliwa katika nyumba ile, akanyonya na kuchapwa kwa Kinamwanga. Alisikia kila neno! Na akasema nini? "Kiswahili, bwana! Kiswahili!" Yoramu akatazama chini. Baba mdogo akangoja, akapiga ulimi, akamgeukia baba: "Kaka, huyu akili yake bado imefungika. Mwacheni kwanza afunguke."

Yakaisha. Baba hakubisha, maana mdogo wake alikuwa mtu wa mjini aliyejua mambo ya shule. Bibi alimpa Yoramu karanga, kama mtu anayefukuza kuku. Mama aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu, na alipotoka alikuwa amekubali kama wote. Kesho yake nilivalishwa viatu nikapakiwa juu ya magunia ya mchele, gari likaondoka, na Yoramu akabaki pale barabarani ameshika fimbo, kwa sababu walikuwa wameshampangia kwenda kuchunga.

Tunduma ilinimeza. Malori yamejipanga kuelekea mpakani, vumbi, harufu ya dizeli na samaki wakavu, wanawake wanapatana bei kwa lugha tatu katika sentensi moja. Baba mdogo alinitembeza madukani kwa rafiki zake, akaniagiza nihesabu, niimbe, nitaje siku za wiki. "Huyu ni profesa," aliwaambia. Profesa! Darasa la kwanza nilikuwa wa mbele, kwa sababu ya Kiswahili changu cha Vwawa. Darasa la tatu wenzangu wakawa wamekijua nao, na mimi sikuwa na kingine mfukoni. Nikawa mwanafunzi wa kawaida, wa katikati, na hesabu ziliponishinda nikalia chooni, maana profesa haulizi swali darasani. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo baba mdogo aliyakunja akayatia mfukoni bila kuyasoma mara ya pili. Mnadhani alisema labda tulikosea tulivyompima mtoto huyu? Thubutu! Alisema nimerogwa. Akamtaja na jirani aliyeniroga.

Yoramu naye "wakamngoja afunguke". Wakamngoja na ng'ombe, wakamngoja na jembe, msimu baada ya msimu, mpaka alipopelekwa darasa la kwanza la shule ya kwetu kule ng'ambo ya mto akiwa na miaka kumi na mmoja, ndevu haziko mbali, amekaa dawati moja na watoto waliomfika kiunoni. Walimwita babu. Masika alikosa shule kwa sababu ya mto, kiangazi kwa sababu ya ng'ombe. Darasa la nne akaacha. Na baba, Mungu amrehemu, akakaa na wazee wenzake akasema, "Mnaona? Si tulisema tangu mwanzo?" Nilikuwa likizo, nikasikia kwa masikio yangu. Mmemnyima shule miaka minne, mmemfungia mlango, halafu mnashangaa hakuingia ndani! Upuuzi gani huo?

Mpaka leo watu wananiambia kwamba akili ya mtoto huonekana mapema. Wanaitafuta kwenye kutembea, kwenye kuongea, kwenye kutaja rangi za vitabu vya picha. Sikatai kwamba watoto hawafanani, na mtoto asiyesikia vizuri au anayeugua aangaliwe mapema, atibiwe. Lakini ule uharaka wangu ulitabiri nini? Ulitabiri kwamba nitaongea mapema, basi. Na uchelewaji wa kaka yangu ulitabiri kitu kimoja tu, namna watu watakavyomtendea. Yoramu wa leo analima mpunga na ufuta kule kule, ana mke na watoto wanne, ni mtani mkubwa, na ukibishana naye jipange. Kusoma anasoma kwa kufuatisha kidole. Sisemi angekuwa daktari. Huyo Yoramu aliyesoma simjui, hakuna anayemjua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ningekuwa nimeshayaacha haya kama yangekuwa yameisha. Mimi sasa naishi Vwawa, nina duka la vifaa vya umeme, na mwanangu wa mwisho, Eliya, ana miaka sita. Mwaka huu nilimpeleka kufanyiwa usaili katika shule moja ya Kiingereza ambayo kila mzazi mtaani kwetu anaitamani. Eti usaili, mtoto wa miaka sita! Nikaketishwa pembeni niangalie. Mwalimu, binti mdogo mwenye sauti nzuri, akamwonyesha picha ya mtu anayemwagilia bustani wakati mvua inanyesha, akamuuliza kwa Kiingereza kuna kosa gani. Eliya akaitazama. Akasema kwa Kiswahili, "Huyu anapoteza maji, mvua si inamwagilia?" Mwalimu akatabasamu, akarudia swali lile lile kwa Kiingereza, polepole zaidi. Mtoto akanitazama mimi. Akarudia jibu. Mwalimu akarudia swali. Mara ya tatu Eliya akatazama chini, na mimi nikahisi damu inanipanda kichwani.

"Mwalimu, mtoto amejibu," nikasema.

"Nimemsikia, mama Eliya. Lakini bado hajachangamka. Tunashauri arudie chekechea mwaka mmoja."

"Umemsikia na umemwelewa?"

"Nimemwelewa, mama, ila utaratibu wetu..."

"Basi mwambie! Mwambie yeye, siyo mimi, kwamba amejibu vizuri!" Nilikuwa nimeshasimama, na wazazi waliokuwa nje walikuwa wanachungulia dirishani. Yule binti aliogopa. Akainama, akamwambia Eliya kwa Kiswahili safi, tena chenye lafudhi ya kwetu kabisa, kwamba amejibu vizuri sana. Ikawa hivyo tu, nafasi hatukupata. Nilimshika mwanangu mkono tukaondoka, na Januari ataanza shule ya serikali iliyo karibu na soko. Mume wangu alinuna siku mbili, akisema nimemharibia mtoto kwa mdomo wangu. Wifi zangu wanasema nimeona mapema kwamba mtoto mwenyewe hana kitu, ndiyo maana nikakasirika. Wasemavyo na waseme.

Tulikotoka walikidharau Kinamwanga mbele ya Kiswahili. Leo Kiswahili chenyewe kimegeuzwa Kinamwanga, na watu wazima wenye vyeti wanafanya kazi ile ile iliyofanywa uwanjani kwetu na watu wasio na vyeti. Siku zile walau walikuwa na kisingizio cha kutojua. Hawa wamesomea watoto! Wana ofisi, wana sare, na bado wanamsikia mtoto akijibu halafu wanaandika hajui.

Jioni ile nilimpigia Yoramu simu. Nilitaka tu kumpakulia hasira zangu, nikitegemea atanitania kama kawaida yake. Nikamweleza kuanzia picha mpaka wazazi wa dirishani. Hakucheka.

"Ulisimama?" akauliza.

"Nilisimama, kaka. Nikapiga na kelele."

"Mbele ya mtoto?"

"Mbele yake."

Nilisikia ng'ombe wanalia kwa mbali upande wake. Sikuwa nimewahi kumsikia akiizungumzia siku ile ya turubai, hata mara moja, miaka yote hiyo, nami nilishajiaminisha kwamba ameisahau.

"Unajua, Enesi," akasema, "mimi nilimtazama baba. Nikamtazama mama. Nikamtazama bibi. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aseme nimejibu."