Siku Mama Mkwe Alipoosha Maharage

Bibi Shamba hakujua kutembea polepole. Tangu awashawishi majirani wapunguze mahindi na kupanda maharage machanga, yale yanayoliwa pamoja na maganda yake huko ng'ambo, alikimbia shamba hadi shamba na rula mkononi, akipima urefu wa maganda kama mnunuzi alivyotaka, akicheka, akigomba. Waliomtania waliishia kununua rula zao. Aliyebaki bila rula ni mama mkwe wake tu. "Maharage si kitambaa," alisema.

Asubuhi ya mzigo wa kwanza, Bibi Shamba alifurahi hata chai ikamshinda. Alipofika kwenye banda la kupakilia, furaha ikatumbukia nyongo. Makreti yote yalichuruzika maji. Mama mkwe alisimama katikati, amelowa hadi viwikoni, uso umemchanua.

"Nimekuoshea, mwanangu! Kitu cha mgeni hakipelekwi na vumbi."

"Mama! Yakipakiwa na maji yataoza njiani! Na mnunuzi akiyakataa leo, harudi tena."

Mama mkwe akanywea. Majirani waliokuja kupakia wakatazamana; mahindi walikwisha kuyang'oa.

"Tuyaanike juani!" mmoja akadakia.

"Yatanyauka," Bibi Shamba akakataa. "Kivulini, kwenye nguo safi. Leteni mashuka!"

Weee! Watu walitoka mbio. Likaja shuka la maua, likaja la kitoto, likaja la bwana harusi wa juzi, hilo likapokewa kwa vigelegele na maneno yasiyoandikika. Hayakutosha. Ndipo mama mkwe alipochomoka, akarudi na shuka jeupe alilolitarizi mwenyewe, lile la wageni, ambalo hata mwanawe hajawahi kulilalia.

"Mama, litaingia madoa."

"Mgeni si ndiye huyo anakuja? Tandika!"

Wakatandaza, wakageuza, wakapepea kwa vifuniko vya makreti mpaka mikono ikawafa ganzi. Lori lenye jokofu lilipopiga honi, mkaguzi wa mnunuzi akashuka, akaokota harage moja, akalibana kwa karatasi laini. Kavu. Akalivunja. Ka! Akaokota jingine.

"Pakieni," akasema.

Banda lililipuka. Bibi Shamba alirukaruka mpaka kiatu kikamtoka, na hakuona haya hata kidogo.

Lori lilipoondoka, akaliokota shuka jeupe, limejaa kijani, akaelekea kwenye beseni. Mama mkwe akampokonya.

"Hili lisiguswe na maji. Leo nimeosha vya kutosha."

Akalikunja, madoa yakiwa juu, akalibana kwapani. Kisha akanyoosha mkono mwingine.

"Haya, nipe hiyo rula."