Mteja wa Mazoezi

Shuleni alikofundisha jiografia walimbandika jina la Mama Suluhisho, na yeye, heri yake, akadhani anasifiwa. Mwalimu mkuu alimkabidhi ofisi ya ushauri nasaha kwa sababu za kitaalamu kabisa: siku majukumu yalipogawanywa, yeye ndiye aliyechelewa kikaoni. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya ramani na mipira, ikatiwa viti viwili na kibao mlangoni. Mwanafunzi aliingia akilia, na kabla hajapenga kamasi ameshapewa ratiba ya kujisomea, amri ya kulala mapema na jina la mwenzake mwema wa kuandamana naye. Akitoka halii tena. Nani alie mbele ya ratiba?

Kwa mafanikio hayo makubwa, mama wa watu akapiga moyo konde akaomba kusomea shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri nasaha. Chuo cha kwanza kilimjibu kwa maneno matamu kwamba kimevutiwa naye mno, ila hapana. Cha pili hakikuhangaika hata na huo utamu. Cha tatu kikamwita kwenye usaili, na hicho ndicho kilikuwa cha mwisho, maana mwakani angekuwa amevuka umri ambao mwajiri wake humpa mtu ruhusa ya masomo. Akikosa hapo, basi tena, atazeeka na ramani na mipira yake. Usingizi ulianza kumpaa.

Mtihani wa usaili ulielezwa wazi: ataketi na mtu mwenye shida, amsikilize robo saa nzima, na asimpe ushauri wowote. Alirudia kusoma akidhani wamekosea kuandika.

"Hawa nao," alimwambia mumewe, "wanamwita mpishi halafu wanamwambia asiguse sufuria."

Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mtu mpole ambaye ndoa ilikuwa imemfundisha kuitikia bila kusema kitu. "Ni kweli, mke wangu," akasema, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Basi ikabidi afanye mazoezi. Mazoezi yanataka mteja, na mteja sharti awe na shida. Hapo ndipo alipopata kazi.

Alianza na binti yake aliyekuwa sekondari. "Mwanangu, kaa hapa uniambie linalokusumbua."

"Hakuna, mama."

"Hata dogo tu."

"Niko sawa kabisa."

Mtoto alikuwa na sababu. Kuna siku ulimi ulimteleza akataja kwamba rafiki yake amemnunia. Mama akajifunga kibwebwe, akaenda mwenyewe kwa kina rafiki na kuitisha kikao cha wazazi wa pande zote mbili. Tangu hapo binti hana tatizo la rafiki, kwa kuwa hana rafiki.

Wifi yake alipopigiwa simu alisema mtandao unasumbua, akaikata mwenyewe ili usumbufu uonekane. Mama mkwe, aliyeishi nao chumba cha nyuma na ambaye magoti yalikuwa yakimliza kila anapoinuka, alisema magoti yamepona, anamshukuru Mungu. Aliyasema hayo akiwa ameketi, na hakuinuka mpaka mkwewe alipotoka chumbani.

Nyumba nzima, jamani, haikuwa na shida hata ya kuonjeshwa jirani. Mtu mwingine angejiuliza. Mama Suluhisho alifurahi. Alimtazama mumewe akiweka begi la vifaa kando ya mlango, begi ambalo siku hizi lilirudi safi, bila hata doa la grisi, tangu alipomwelekeza namna ya kulipanga.

"Unaona ukinisikiliza?" alimwambia. Fundi akasema anaona.

Siku ya usaili alikuta chumba chenye meza, walimu wawili wa chuo na kalamu zao, na mwanamke wa makamo aliyepangwa kuigiza mwenye shida. Mama Suluhisho aliketi akavikalia viganja vyake, ushauri umemjaa mdomoni.

"Nyumbani kwangu hakuna anayeniambia kitu," mwanamke alianza. "Nikiingia sebuleni wanageuza mazungumzo. Nikiuliza, kila mtu yuko sawa. Maisha yangu yote nimewasaidia. Sijui nimewakosea nini."

Mama Suluhisho alifungua mdomo. Ratiba haikuja. Alichoona ni mama mkwe ameng'ang'ania kiti, na binti yake akisema hakuna, mama, kwa adabu anayompa mgeni. Aibu ikampanda kutoka miguuni. Akafumba mdomo, machozi yakamlengalenga, na hakutamka neno mpaka muda ukaisha. Walimu wale waliandika kwa kasi. Mmoja alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia hajapata kuona mwombaji anayetumia ukimya kwa ustadi ule.

"Ni mazoezi," akasema Mama Suluhisho.

Nafasi akaipata. Alimpa mumewe habari jioni jikoni, chai ikiwa mezani, naye fundi akampa hongera ya dhati kabisa.

"Na wewe je?" mke akauliza. "Kazini vipi?"

"Salama."

Siku zote angeshapokea hapo hapo na kuendelea na yake. Safari hii alinyamaza. Fundi akangoja ushauri ushuke, haukushuka. Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Akaliangalia begi pale mlangoni.

"Karakana ilifungwa," akasema. "Tangu mwezi uliopita. Nikitoka hapa asubuhi nashinda kwa kinyozi, nasoma magazeti ya wateja."

Masuluhisho yalimjia mama wa watu yote kwa mpigo, moja likiwa na ratiba kabisa. Akayameza kwa shida. Likaja na swali, kwa nini hukuniambia, nalo akalimeza, maana jibu lake alikuwa nalo.

"Husemi kitu?" fundi akauliza.

"Nakusikiliza."

Alimtazama mkewe kwa hofu kidogo, kama vile anaumwa. Halafu akasogeza kiti, akaanza kumsimulia tangu mwanzo.